Sura ya Tano: Macho ya Kuazima

Anayepiga kafi huketi akitazama mbele. Gogo, mwamba, boya la nyavu, mtoto anayeogelea, vyote anaviona kabla hajavifikia. Anayepiga kasia hana bahati hiyo. Nguvu yake inatoka miguuni na mgongoni, na ili avute sawasawa ni lazima aupe mgongo upande anaokwenda. Anachokiona ni kule alikotoka. Kwenye mtumbwi wa mashindano wa watu wanane, wote wanane wanakwenda kinyumenyume, kwa mwendo unaoweza kufika kilomita 20 kwa saa, ndani ya chombo chenye urefu wa mita 17 hivi na upana wa kutosha makalio ya mtu mmoja tu.

Yuko wa tisa, mshika usukani, na huyo ndiye pekee aliyeelekea mbele. Lakini naye, akiwa ameketi tezini, mbele yake ana safu ya watu wanane walio warefu kuliko yeye, maana mshika usukani huchaguliwa kwa wepesi wake. Kitu kilichoko moja kwa moja mbele ya omo hakioni mpaka aupindishe mtumbwi kidogo au ainamishe kichwa pembeni. Kwenye mtumbwi wa mtu mmoja, hata huyo hayupo. Mwenye kupiga makasia hugeuza shingo kila baada ya mivuto michache, anatupa jicho begani, anarudi kazini.

Nimesoma kanuni za usalama za klabu nyingi za makasia, nyingine za ukurasa mmoja uliobandikwa mlangoni, nyingine vitabu vizima. Ukiziondolea maneno ya kiofisi, karibu zote zinajibu swali moja: nani anatazama kwa niaba ya nani? Atakayezisoma kama orodha ya makatazo zitamchosha. Akizisoma kama mgawanyo wa macho, zinaanza kuwa na maana.

Tuchukue mto mmoja wenye klabu nyingi na kanuni nyingi: Thames, hasa kile kipande cha London kati ya Putney na Mortlake, kilomita 6.8, ambapo Oxford na Cambridge hushindana kila mwaka. Shindano lao la kwanza lilikuwa mwaka 1829, kule Henley, juu zaidi mtoni. Siku ya shindano kipande hiki hufungiwa vyombo vingine, na anayetazama kwenye televisheni hudhani mto ni mali ya mitumbwi miwili. Siku za kawaida kuna boti za abiria, boti za doria, watu wa kayaki, mitumbwi ya shule, makocha wenye boti za injini, maboya ya kufungia mashua, na nguzo za madaraja zisizosogea kumpisha mtu.

Kanuni ya kwanza ya mto wowote ni upande wa kupita, na kwa kawaida vyombo hushika kulia. Waingereza hukosea hapa mwanzoni kama ambavyo Mkenya au Mtanzania angekosea, kwa sababu barabarani sote tunashika kushoto. Lakini Putney ina jambo jingine juu ya hilo. Thames ni mto wenye kupwa na kujaa mpaka Teddington, na pale London Bridge, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kupwa na maji kujaa hukaribia mita 7. Mtu wa Pangani au Lamu hana haja ya kuelezwa maana yake. Mkondo unakwenda baharini, unasimama, unarudi. Kwa hiyo kanuni za hapo hazitazami mkono wa kulia peke yake, zinatazama pia maji yanakwenda wapi. Anayekwenda na mkondo hushika njia kuu ya katikati, penye maji ya kasi. Anayepanda mto maji yakipwa hujibana karibu na ukingo, kwenye maji mapole, na kuvuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kunaruhusiwa mahali palipotengwa tu. Maji yakigeuka, mpangilio nao hubadilika. Mtu aliyezoea njia ya asubuhi anaweza, jioni ya siku hiyo hiyo, kujikuta anaelekeana uso kwa uso na watu wanane wasiomwona. Uso kwa uso ni namna ya kusema tu, kwani wote watakuwa wamepeana migongo.

Ndiyo maana klabu za hapo hazimruhusu mgeni kutoka peke yake kwa kuwa tu alikuwa bingwa wa mto mwingine. Ubingwa wake ni wa mikono na mapafu. Mto huu haujui. Ataongozana na mwenyeji, ataonyeshwa mahali pa kuvukia, ataonyeshwa upinde upi wa daraja hupitiwa na upi hauguswi. Atafundishwa pia alama ambayo mimi naipenda kuliko zote: fungu la majani makavu linaloning'inizwa darajani mchana, kuonya kwamba chini yake kuna mafundi au jukwaa lao na kimo cha kupita kimepungua. Usiku mahali pake huwekwa taa nyeupe. Karne hii ya setelaiti, majani makavu bado yanafanya kazi, kwa sababu yanaonekana kwa mbali na hayahitaji betri.

Daraja linaweza hata kumzuia bingwa kabisa. Daraja la Hammersmith, lililofunguliwa mwaka 1887, lilipatikana na nyufa, na kuanzia Agosti 2020 mpaka Julai 2021 hata kupita chini yake kulipigwa marufuku. Klabu za juu na za chini ya daraja zikatengana kwa karibu mwaka mzima. Mashindano ya Oxford na Cambridge ya 2021 yalihamishiwa Ely, kwenye mto Great Ouse, daraja na maradhi ya korona vikiwa sababu.

Lakini nguzo ya daraja lililo zima ni hatari zaidi kuliko ufa wa daraja bovu. Mtumbwi mrefu ukisukumwa na mkondo ukiwa umelala kimshazari mbele ya nguzo, au mbele ya boya kubwa lililofungwa, maji huukandamiza hapo na hauwezi kutoka. Huku watu wakihangaika, unapinduka au unakatika. Kwa hiyo kanuni inasema usisimame kupumzika juu ya mkondo wa kitu chochote kisichosogea. Pita kwanza, kipe nafasi, ndipo upumzike. Watu wazima wenye akili timamu huivunja kanuni hii kila siku kwa sababu kocha amesema ngoja niwaeleze jambo moja, na maelezo yanachukua dakika mbili, na katika dakika mbili mkondo wa mita moja kwa sekunde umewabeba mita 120.

Baada ya njia, sauti. Amri za mtumbwini zinafundishwa kabla ya mtindo wa kuvuta, na ya kwanza ni ya kusimama ghafla: makasia yote yanachomekwa majini yakiwa wima na kushikiliwa kwa nguvu mpaka chombo kitulie. Haina urafiki. Mikono inauma, maji yanaruka, na mpiga kasia asiyeshika sawasawa anaweza kupigwa na kasia lake tumboni. Amri hii hairuhusiwi kujadiliwa. Nahodha wa timu, awe mwanafunzi wa udaktari au jaji mstaafu, akiisikia kutoka kwa mshika usukani wa miaka 14 anatii kwanza na kuuliza akiwa amesimama. Nadhani hapa ndipo mchezo huu unapofundisha adabu kuliko mahali pengine popote: mwenye macho ndiye mkubwa.

Na pale macho yote yanaposhindwa, kuna kipira. Kwenye ncha ya omo ya kila mtumbwi wa mashindano hufungwa kipira cheupe, kipenyo chake kisipungue sentimita 4. Kitu kidogo hivyo kina historia yake. Mto Cam wa Cambridge ni mwembamba kiasi kwamba mitumbwi haiwezi kushindana sambamba, kwa hiyo vyuo hupangwa mstari mmoja na kila mtumbwi humfukuza wa mbele yake mpaka umguse. Ni mashindano ambayo lengo lake ni kugongana. Mwaka 1888 ncha ya mtumbwi wa Trinity Hall ilimchoma mpiga makasia wa chuo cha Clare, akafa. Baada ya hapo ncha tupu hazikukubalika tena. Leo mkaguzi wa mashindano hukishika kipira kile na kukitikisa. Kikilegea, mtumbwi hauingii majini, hata kama timu imesafiri usiku kucha.

Mkono wa mkaguzi ukitoka omo huenda kwenye viatu. Wapiga makasia hawavai viatu vyao, viatu vimefungwa kwenye kibao cha kukanyagia, na mtu huingiza miguu humo. Kisigino cha kila kiatu kimefungwa kwa kamba fupi. Ukiitazama haraka utadhani ni ya kuzuia kiatu kisipotee. Kazi yake hasa inaonekana mtumbwi ukipinduka. Mtu akiwa kichwa chini majini, mikono inatafuta pa kushika, hana muda wa kufungua gidamu. Anavuta miguu. Kama kisigino cha kiatu kiko huru, kiatu kizima kinainuka pamoja na mguu na kuung'ang'ania. Kama kamba ipo na ni fupi, kisigino kinabaki chini na mguu unachomoka. Kanuni za kimataifa hazitaki kisigino kiinuke zaidi ya sentimita 7. Kamba yenyewe huoza kwa jua na jasho, na bei yake haifiki ya kikombe cha kahawa. Klabu nzuri utaijua kwa kamba hizo.

Kuna jambo jingine la vifaa ambalo wageni huliona la ajabu. Mshika usukani huvaa jaketi la kuokolea, na yako majaketi yanayojijaza hewa yenyewe yakigusa maji. Mtu angesema hayo ndiyo bora. Lakini katika baadhi ya mitumbwi ya watu wanne mshika usukani haketi tezini. Analala chali ndani ya omo, kwenye kijishimo kirefu, kichwa tu kikitokeza. Chombo kikipinduka na jaketi likajijaza hewa mle ndani, litamkaza dhidi ya kuta na kumwinua kuelekea upande ambao sasa ni sakafu iliyo juu ya kichwa chake. Kwa hiyo yeye hupewa jaketi la kuvuta kamba kwa mkono: kwanza utoke, ndipo uvute. Kifaa kinachomwokoa mwenzake wa tezini kinaweza kumuua wa omo.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu msomaji aliyejifunza kuogelea Msasani au Nyali ana uzoefu utakaomdanganya. Bahari yetu ni ya uvuguvugu. Ukianguka humo unacheka. Maji ya Thames mwezi wa Januari huwa chini ya nyuzi 10, na mwili ukizama ghafla kwenye maji ya baridi hiyo, kabla ya jambo jingine lolote, unavuta pumzi kwa nguvu bila kuagizwa. Kama kichwa kiko chini ya maji, hiyo pumzi ni maji. Halafu unahema haraka haraka usiweze kujizuia, na moyo unakimbia. Mtaalamu wa Kanada, Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ameufupisha mwendo wa mambo kwa tarakimu tatu: 1, 10, 1. Dakika moja ya kuirudisha pumzi yako mikononi mwako. Dakika 10 hivi ambazo vidole na mikono bado vinakutii. Saa moja kabla baridi haijakupoteza fahamu. Wengi hudhani wanakufa kwa hiyo saa. Ukweli ni kwamba wengi hawaifikii. Wanakufa katika dakika ile ya kwanza, au katika zile 10 wakijaribu kuogelea kwenda ukingoni unaoonekana karibu.

Kutokana na hesabu hiyo inatoka kanuni ambayo ningependa ichorwe kwenye kila ukuta wa klabu: baki na chombo. Usiogelee. Mtumbwi uliopinduka unaelea. Ulalie kwa kifua, toa mwili mwingi iwezekanavyo nje ya maji, maana maji hunyonya joto mara 25 hivi kuliko hewa. Timu ikipinduka, mshika usukani au mtu wa omo huita majina au namba, kila mmoja aitikie. Asiyeitikia anatafutwa chini ya mtumbwi mara moja, kabla hajatafutwa mahali pengine.

Lakini kanuni hiyo ina sharti: chombo chenyewe kielee na watu wake. Desemba 2000, timu ya wepesi ya Chuo Kikuu cha Oxford ilikuwa mazoezini kwenye mto Ebro, Amposta, Uhispania. Upepo ukaleta mawimbi, mtumbwi wa watu wanane ukajaa maji na kudidimia chini yao, na kijana wa miaka 21, Leo Blockley, hakufika ukingoni. Wazazi wake waligeuza msiba kuwa hoja ya kiufundi: kwa nini mtumbwi ambao nafasi zilizo chini ya viti vyake hazikuzibwa unaruhusiwa kuuzwa? Kuziba nafasi hizo ili zibaki na hewa hakuongezi uzito wa maana na hakupunguzi kasi. Ilichukua miaka ya kubishana na watu waliosema haujawahi kuwa utaratibu wetu. Leo kanuni ya kimataifa inataka mtumbwi uliojaa maji, wapiga makasia wakiwa wamekaa vitini, usizame zaidi ya kiwango ambacho viti viko sentimita 5 chini ya uso wa maji. Klabu yenye mitumbwi ya zamani ina kazi ya kuijua mmoja mmoja.

Na kanuni isiyo na macho ya nje haitoshi. Tarehe 28 Machi 2021, kwenye ziwa dogo huko Iowa, Marekani, mtumbwi wa wanafunzi watano wa klabu ya chuo ulipinduka siku ya upepo, maji yakiwa bado ya baridi. Wawili walikufa. Hapakuwa na boti ya kocha ikiwafuata. Boti hiyo watu huiona kama kiti cha kocha cha kupigia kelele, lakini kazi yake ya kwanza ni kuokoa. Ndani yake kunatakiwa kamba ya kurusha, mablanketi ya kuhifadhi joto, kisanduku cha huduma ya kwanza, kafi la akiba, na nafasi ya kuwabeba watu walioanguka. Dereva hufunga mguuni kamba inayozima injini akianguka. Dereva asiyeifunga, akatupwa nje na wimbi, huacha nyuma boti inayozunguka peke yake na rafadha yake, katikati ya watu aliokuja kuwalinda.

Kuna hatari moja isiyoonekana kwa jicho la yeyote. Oktoba 2010 Andy Holmes, bingwa wa Olimpiki wa 1984 na 1988, alikufa kwa leptospirosisi, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa wanyama, hasa panya, ndani ya maji. Tanzania iliujua vizuri Julai 2022, ulipozuka Lindi na kutangazwa kama homa ya mgunda. Hakuna bendera ya kuonya juu yake. Kanuni ni za jikoni: funika kidonda kabla ya kuingia mtoni, nawa mikono kabla ya kula, usiiweke chupa ya maji ya kunywa mahali inapolowanishwa na mto, na ukipata homa siku kadhaa baadaye mwambie daktari kwamba unapiga makasia. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa, na daktari hawezi kulikisia.

Yote haya yanaamuliwa, kwa vitendo, kabla mtumbwi haujatoka bandani. Klabu huwa na daftari: nani anatoka, na chombo gani, saa ngapi, atarudi lini. Mtu anayetia saini na kusahau kusaini akirudi huwafanya wenzake wamtafute gizani, na atasimuliwa kwa muda mrefu. Ukungu ukiwa mzito kiasi cha kuficha alama iliyokubaliwa, mnara au mti wa ng'ambo, hakuna anayetoka. Radi ikisikika, waliomo majini wanarudi. Mvua kubwa ikinyesha juu nchini, mamlaka hutoa onyo kwa rangi, kwenye malango ya maji ya Thames ya juu kwa mabango ya njano na nyekundu, na London kwa bendera za mkondo wa kupwa zinazotokana na wingi wa maji yanayopita Teddington.

Oxford wamelifikisha jambo hili mbali zaidi ya wengine niliowasoma. Bendera yao ya siku haisemi tu mto umefunguliwa au umefungwa. Ngazi za katikati zinaangalia mshika usukani: mgeni aliyejifunza muhula huu anazuiwa mapema, mwenye uzoefu anaendelea, kisha hata yeye anasimamishwa. Wapiga makasia wanane wenye misuli ya chuma wanabaki ukingoni kwa sababu macho yao ya siku hiyo bado ni machanga. Mashindano yao ya Torpids, yanayoangukia mwishoni mwa majira ya baridi, yamefutwa mara kadhaa kwa sababu ya mto kufurika. Timu zilizofanya mazoezi tangu Oktoba huambiwa zirudi kwenye mashine za ndani, na hununa. Anayepandisha bendera hana kiti kwenye mtumbwi wowote siku hiyo, kwa hiyo manung'uniko yao hayampunguzii kitu, na kesho asubuhi ataupima tena mkondo na kupandisha rangi inayostahili.